Rais Akiapishwa, Sisi Tunaanza Kazi Gani?



Siku rais mpya anapoapishwa, kazi nyingi husimama. Wenye televisheni hujaza wageni sebuleni, hoteli za sokoni hujaa hadi mlangoni, na walio shambani huweka redio juu ya kisiki na kuongeza sauti. Siku hizi vijana hutazama kwa simu, watu watano wakigombania kioo kimoja. Wengine hupiga vigelegele. Wengine hukaa kimya wakitazama chini. Jioni kila mtu hurudi kwake, na kesho yake tunaulizana bei ya mahindi kama kawaida.

Tunapotembelea vikundi baada ya siku kama hiyo, tunasikia maneno ya aina mbili. Wa kwanza husema, "Sasa tumepata mtu wetu, kazi ni kwake." Wa pili husema, "Huyo si wetu, hayo ni mambo yao." Ukiyatazama vizuri, maneno haya mawili ni ndugu. Yote mawili yanasema: mimi sina kazi tena hapa. Somo hili linataka kuonyesha kwamba siku ya kiapo ndiyo siku kazi yetu inaanza, aliyeshangilia na aliyenuna pia.

NAMNA YA KUTUMIA SOMO HILI

Somo ni la mikutano miwili, kila mmoja saa moja na nusu. Sehemu ya 1 hadi ya 4 ni za mkutano wa kwanza. Zilizobaki ni za mkutano wa pili. Kiongozi wa somo asome yote mapema nyumbani. Mnahitaji daftari jipya, kalamu, na watu wawili wenye sauti ya kusikika kwa ajili ya mchezo mfupi. Wasiojua kusoma wasiachwe nyuma. Kila sehemu isomwe kwa sauti, polepole, kisha watu waongee.

Jambo moja la kukubaliana kabla ya kuanza: hapa hatuulizani nani alimpigia nani kura. Kura ni siri ya mtu, na kikundi hakina ruhusa ya kuifungua.

1. TUKUMBUKE: TAREHE 30 DESEMBA MARA MBILI

Wazee waliopo wataweza kuhadithia. Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, alifariki tarehe 22 Agosti 1978, na siku hiyo hiyo makamu wake, Daniel arap Moi, akaapishwa kushika nafasi. Watu walikuwa katika majonzi. Moi akatawala miaka 24. Kwa hiyo hadi mwaka 2002, Wakenya hawakuwa wamewahi kuona kwa macho yao rais mmoja akikaa kitini na kumkabidhi mwenzake serikali akiwa hai.

Ndiyo sababu tarehe 30 Desemba 2002 haikusahaulika. Uchaguzi ulikuwa tarehe 27, na Mwai Kibaki wa muungano wa NARC alikuwa ameshinda kwa kura kama 62 katika kila 100. Bustani ya Uhuru, Nairobi, ilijaa watu hata ikawa hakuna pa kutia mguu. Wengine walipanda miti ili waone. Kibaki alifika akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, kwa sababu ya ajali ya barabarani aliyoipata tarehe 3 mwezi huo huo. Aliapa akiwa ameketi kwenye kiti hicho.

Kulikuwa na furaha, na kulikuwa na mambo yasiyopendeza pia. Watu katika umati walimrushia matope rais aliyekuwa anaondoka. Lakini huyo aliyerushiwa matope alikuwa amekubali matokeo, akaja mwenyewe kukabidhi, akakaa pale akisikia serikali yake ikilaumiwa mbele ya dunia nzima, kisha akaenda zake nyumbani kwa amani. Jambo hilo vikundi vingi hulipita haraka. Sisi tunaomba mlisimamie kidogo. Kukubali kushindwa pia ni utumishi.

Siku chache baadaye, Januari 2003, shule za msingi zikafunguliwa bila karo. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakaenda shule. Idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2. Mwaka 2004, huko Eldoret, Mzee Kimani Maruge mwenye umri wa miaka 84 akaingia darasa la kwanza. Na jambo lingine lilitokea ambalo halikuamriwa na serikali: abiria ndani ya matatu walianza kuwazuia makondakta wasiwape polisi hongo barabarani. Walisema, hayo yameisha. Mwananchi wa kawaida alikuwa ameamka.

Kisha nini? Tukachoka. Tukaona kwamba sasa mambo yako mikononi mwa wenyewe. Tulikuwa tumeahidiwa katiba mpya kwa siku 100, na siku 100 zikapita. Tuliahidiwa nafasi za kazi 500,000 kila mwaka, na vijana wakaendelea kukaa vibarazani. Mwaka 2004 ikafichuka kashfa ya Anglo Leasing, na Februari 2005 John Githongo, aliyekuwa amewekwa na rais kupambana na ufisadi, akajiuzulu. Viongozi waliosimama pamoja Bustani ya Uhuru wakagawanyika. Novemba 2005, katika kura ya maoni, nusu yao walikuwa ndizi na nusu machungwa. Na sisi vijijini tukagawanyika nyuma yao, ndizi na machungwa, hata sokoni.

Sasa tufike tarehe 30 Desemba ya pili, miaka mitano kamili baadaye. Mwaka 2007 matokeo yalitangazwa siku hiyo jioni, huku upande mwingine ukilalamika kwamba hesabu si safi. Kabla watu hawajamaliza kuyasikia, rais aliapishwa ndani ya Ikulu, giza likiingia, mbele ya watu wachache walioalikwa. Wananchi hawakuwako. Hawakuwa na siku za kwenda mahakamani. Walionyeshwa tu kwamba kumekwisha.

Mliopitia siku zilizofuata hamhitaji kuhadithiwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Zaidi ya watu 300,000 walifukuzwa makwao. Vurugu zilipungua pale viongozi walipotia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008, wakisaidiwa na Kofi Annan. Na katika hesabu ile hakuna aliyehesabu vikundi vilivyokufa: mizunguko ya fedha iliyokatika katikati, ng'ombe wa mradi walioibwa, madaftari yaliyoungua pamoja na nyumba ya katibu. Watu waliokuwa wakikopeshana wakawa hawasalimiani.

2. SHERIA ILIYOTOKANA NA MACHUNGU HAYO

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilijibu moja kwa moja yale ya mwaka 2007. Tuyaangalie majibu hayo.

Kwanza, rais lazima aapishwe hadharani, mbele ya Jaji Mkuu, au naibu wake kama Jaji Mkuu hayuko. Sheria ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba kiapo kitolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kwamba siku hiyo ni ya mapumziko ili wananchi washuhudie. Yaani mchana kweupe.

Pili, kuna siku za kungoja. Asiyeridhika na matokeo ana siku 7 za kupeleka kesi katika Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Kama hakuna kesi, kiapo ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo yatangazwe. Kama kuna kesi na ushindi umethibitishwa, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 7 tangu uamuzi. Mwaka 2022 uamuzi ulitoka tarehe 5 Septemba. Hesabuni wenyewe: siku 7 zikaisha tarehe 12, na William Ruto akaapishwa Jumanne tarehe 13, uwanjani Kasarani, mbele ya Jaji Mkuu Martha Koome.

Tatu, rais anayeondoka humkabidhi anayeingia vitu viwili: upanga na Katiba. Upanga unaonyesha kwamba sasa ndiye amiri jeshi mkuu. Katiba inaonyesha mpaka wa upanga huo. Watu wengi huutazama upanga kwa sababu unang'aa. Tuwafundishe watoto kutazama kitabu.

Hatusemi sheria imemaliza matatizo yote. Mwaka 2017 mahakama ilibatilisha uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba huku mpinzani mkuu akisusia. Siku rais alipoapishwa Kasarani, tarehe 28 Novemba, wa upande wa pili walitaka kukusanyika Nairobi kuwaombolezea waliouawa, polisi wakawatawanya. Januari 2018 kiongozi wao, Raila Odinga, akajiapisha Bustani ya Uhuru mbele ya umati mkubwa, na Machi wakaonekana wakipeana mikono na rais. Tunaona basi kwamba sheria inaweza kufungua mlango, lakini watu ndio wanaopita.

3. TUSIKILIZE MANENO YENYEWE

Sherehe ina mengi: gwaride, mizinga 21, wageni kutoka nchi nyingine, hotuba, nyimbo. Kiapo chenyewe huchukua dakika chache tu, na mara nyingi ndipo watu wanaposukumana wapate kuona, wasisikie. Haya hapa kwa maneno yetu mepesi.

Viapo ni viwili. Katika kile cha utiifu, rais anaapa kuwa mwaminifu kwa Jamhuri ya Kenya. Anaapa kuitii, kuihifadhi, kuilinda na kuitetea Katiba pamoja na sheria zote. Anaapa kulinda mamlaka na heshima ya watu wa Kenya. Katika kile cha kazi, anaapa kuwatumikia watu wa Kenya siku zote kwa kweli na kwa bidii, na kuwatendea haki wote kulingana na sheria, bila woga, bila upendeleo, bila kuvutwa na mapenzi, bila chuki. Mwisho anaweza kumwomba Mungu amsaidie.

Kiongozi wa somo asome tena aya hiyo, halafu aulize: Ni neno gani ambalo halimo?

Mtaona kwamba hakuna neno "walionipigia kura." Hakuna jina la chama, wala kabila, wala mkoa. Kuna "watu wa Kenya" na kuna "wote." Mwaka 2022 mshindi alitangazwa na kura 7,176,141, na aliyemfuata kura 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Yaani katika kila watu 100 waliopiga kura, zaidi kidogo ya 50 walikuwa huku na karibu 49 kule. Lakini kiapo hakikukatwa katikati. Yule mama ambaye mgombea wake alishindwa ameapiwa sawasawa na aliyeshinda. Anaweza kudai utumishi bila kuomba radhi kwa mtu, na bila kuambiwa, "Ngojeni zamu yenu."

Na aliyeshinda naye asikie vizuri. Katiba, katika kifungu cha 73, inasema mamlaka ya kiongozi ni dhamana, na kwamba yanampa wajibu wa kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Hiyo "mtu wetu" haimo.

4. MCHEZO MFUPI

Watu wawili waigize. Mmoja ni mweka hazina wa kikundi, mama wa makamo. Mwingine ni mzee, mwanachama wa siku nyingi. Ni jioni ya siku ya kiapo. Mama anakunja viti walivyokalia watu waliokuja kutazama televisheni.

MZEE: Hodi hapa.

MAMA: Karibu, Mzee. Karibu uketi. Chai ingali moto.

MZEE: Chai sitaki. Nimesikia vigelegele hapa tangu asubuhi. Leo mmeshiba.

MAMA: Lakini Mzee, si hii ni sherehe ya nchi yote?

MZEE: Ya nchi yote, ama ya nyinyi? Mimi nimekuja kuchukua akiba yangu. Miaka sita nimetoa bila kukosa.

MAMA: Akiba, Mzee? Na mwezi ujao ni zamu yako kupokea!

MZEE: Zamu itafika namna gani, na pesa zote mnazo nyinyi?

MAMA: Mzee wangu, mimi sikumwapisha mtu leo. Mimi naweka daftari tu.

MZEE: (ananyamaza kidogo) Basi nisomee hilo daftari.

Mchezo unaishia hapo. Msiumalizie. Waigizaji wabaki wamesimama, na kikundi kijibu: Mzee anaogopa nini hasa? Je, maneno ya mama yamemtuliza, au kuna kitu kingine kitakachomtuliza? Ingekuwa kwetu, daftari lingesomeka?

Katika vikundi ambako tumejaribu mchezo huu, mara ya kwanza watu hucheka. Halafu kunakuwa na ukimya. Wengi wanajua mlango huo, wameusimamia upande mmoja au mwingine. Na karibu kila mahali jibu huwa moja: si hotuba ya umoja itakayomrudisha mzee nyumbani akiwa na amani. Ni daftari. Mama akilifungua na kusoma jina lake, mwezi kwa mwezi, bila kupapasa, mzee atakunywa ile chai. Kama daftari halijaandikwa tangu miezi minne, hata mama angekuwa mwaminifu kama nani, usiku huo kikundi kimevunjika, na siasa itasingiziwa.

Ndiyo maana tunasema sherehe ya Kasarani na mkutano wa chini ya mwembe hutegemea kitu kimoja. Dhamana inakaa pale ambapo mambo yamefanywa hadharani na yanaweza kusomwa. Mwaka 2007 nchi ilikosa hilo, ikalipa kwa damu.

5. KIAPO NI KIMOJA, AHADI NI NYINGI

Huu ni mkutano wa pili. Anzeni kwa kuulizana: tangu mkutano uliopita, nani amekumbuka neno moja la kiapo?

Baada ya kuapa, rais hutoa hotuba. Hotuba si kiapo. Kiapo kimeandikwa na Katiba, na hakuna anayeweza kukipunguza. Ahadi za hotuba ni zake mwenyewe, na zinatofautiana. Kuna ahadi za kalamu na ahadi za barabara.

Ahadi ya kalamu hutimia mtu akitia sahihi. Mfano, tarehe 13 Septemba 2022 rais mpya alitangaza kwamba anawateua majaji 6 ambao mtangulizi wake alikuwa amekataa kuwateua. Kesho yake wakaapishwa. Ilihitaji karatasi na wino.

Ahadi ya barabara lazima isafiri kutoka Nairobi hadi kwako, na njiani kuna vituo vingi. Katika hotuba hiyo hiyo ilisemwa kwamba mfuko wa mbolea wa kilo 50 utashuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na kwamba mifuko milioni 1.4 imeandaliwa kwa msimu wa mvua fupi. Wakulima wakapiga makofi, na walikuwa na sababu. Bei ilishuka kweli, na mwaka 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Lakini mbolea lazima itolewe bandarini, ipakiwe, ifike ghala la Bodi ya Nafaka, mkulima aandikishwe, apate ujumbe kwa simu, apate nauli ya kwenda ghalani na pesa ya kubeba mfuko kurudi. Mwaka 2024 serikali yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kwa bei hiyo nafuu haikufikia kiwango, na walioinunua wakaahidiwa fidia. Waliokuwa wameweka risiti na mifuko walikuwa na cha kuonyesha. Waliochoma mifuko walibaki na hasira tu.

Basi mwananchi anayefuatilia haanzi kwa kusema, "Rais ametudanganya," wala, "Rais ametuokoa." Anauliza: ahadi imefika kituo gani? Imekwama kwa nani?

6. DAFTARI LA KUFUATILIA

Chukueni lile daftari jipya. Ukurasa wa kwanza, katibu aandike kiapo kwa maneno mepesi kama tulivyokiweka hapo juu. Kisha mfanye hivi:

(a) Chagueni ahadi tatu tu zinazogusa kijiji chenu. Kikundi kinachofuatilia ahadi ishirini hakifuatilii hata moja. Moja iwe ya rais, moja ya gavana, moja ya mbunge au mwakilishi wadi wenu, maana hao pia wameapa.

(b) Kwa kila ahadi andikeni: ilisemwa nini, lini, wapi, na sisi tulisikia kupitia nini. Kama mliisikia kwa jirani tu, andikeni hivyo.

(c) Andikeni vituo ambavyo ahadi itapitia mpaka ikufikieni. Msipovijua, hiyo ndiyo kazi ya kwanza: kwendeni mkaulize.

(d) Chagueni watu wawili wa kufuatilia kila ahadi. Tunashauri wawe wa maoni tofauti ya kisiasa, kama wako radhi. Wakirudi na habari moja, kikundi chote kitaiamini.

(e) Kila miezi mitatu wasomewe wanachama wote. Lililotimia liwekwe alama na tarehe. Kushukuru palipofanyika kazi si kujipendekeza, ni ukweli.

Mkienda ofisini mkaambiwa mrudi kesho, na kesho ikawa kesho tena, kumbukeni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Raia anaruhusiwa kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyeweza kuandika, afisa anatakiwa kumsaidia kuandika. Ombi lenyewe halilipiwi, ila gharama ya kutoa nakala yaweza kulipiwa. Na jibu linatakiwa lije upesi, lisizidi siku 21. Barua inaweza kuwa fupi namna hii:

"Kwa Afisa Msimamizi. Sisi raia wa Kenya tuliotia sahihi hapa chini, wakazi wa kijiji cha ........, tunaomba kujua: (1) mifuko mingapi ya mbolea ya bei nafuu ilipokelewa katika ghala lako tangu tarehe ........ hadi ........; (2) wakulima wangapi wa wadi yetu waliipata; (3) waliobaki wataipata lini. Tunaomba jibu kwa maandishi, kulingana na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Tunashukuru kwa utumishi wako."

Andikeni nakala mbili, na ile mnayobaki nayo igongwe muhuri na tarehe. Siku 21 zianze kuhesabiwa hapo. Tafadhali, msiende na kelele. Karatasi yenye muhuri huongea taratibu, lakini husikika mbali.

7. NA SISI JE?

Ni rahisi kudai uwazi wa Ikulu na huku la kwetu limefungwa sandukuni. Tuulizane. Viongozi wetu waliposhika nafasi, waliahidi nini mbele yetu? Mwenyekiti aliyetoka alikabidhi nini, mbele ya nani, na iliandikwa wapi? Tumewahi kumwona mwenyekiti wa zamani akiendelea kuja mikutanoni kama mwanachama wa kawaida, au akiondoka ofisini anaondoka na kikundi?

Mnaweza kuwa na desturi yenu ndogo. Siku ya kubadilisha viongozi, mkutano uwe mchana, wanachama wote wajulishwe mapema. Anayetoka asome hesabu yote kwa sauti, kisha akabidhi vitu viwili: daftari na katiba ya kikundi. Anayeingia aseme kwa maneno yake kwamba atawatumikia wote bila woga na bila upendeleo. Asiyeridhika na hesabu apewe juma moja la kuuliza. Hakuna haja ya kuchinja mbuzi. Chai yatosha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Siku ya kiapo cha rais cha mwisho mlichoshuhudia, wanachama wa kikundi hiki walikuwa wapi? Walitazama pamoja au kila watu na wao? Kwa nini?

2. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja mikutanoni baada ya uchaguzi? Nani amekwenda kumsalimu?

3. Kati ya "bila woga, bila upendeleo, bila mapenzi, bila chuki," ni lipi gumu zaidi kwa viongozi wetu hapa kijijini? Na kwetu sisi?

4. Mwaka 2003 abiria walikataa hongo, kisha wakachoka. Nini kingetusaidia tusichoke?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Mweka hazina aandike daftari hadi tarehe ya leo. Wale watu wawili wawili waende kituo cha kwanza cha ahadi yao. Na kama kuna mwanachama aliye katika hali ya yule mzee wa mchezo, watu wawili wamtembelee, wasiende mikono mitupu, na waende na daftari.

Vikundi vitakavyojaribu somo hili, tuandikieni mambo yalivyokwenda, hata yale yaliyokwama. Tutayasoma yote.